Nani iko ku inchi kavu?

Maneno haya yalitolewa mbele ya vijana wa Goma, wiki chache kisha ajali ya Kituku. Tunayaweka hapa vile yalisemwa, tumekata tu salamu na makelele ya mukutano.



Tarehe 3 Oktoba, wakati Merdi ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa na kufika, watu wakiwa wanaiona kwa macho kutoka ku mwambao, maswali yalikuwa mawili. La kwanza: kapiteni iko wapi? La pili: ilikuwa imebeba watu wangapi? Hilo la pili mpaka leo halina jibu moja. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78. Hesabu ya miili ambayo serikali ilitoa ilikuwa 34. Kati ya 34 na 78 kuna watu 44. Hao 44 si makosa ya kuandika. Ni watu wenye majina, wenye madeni, wenye watoto, na hakuna karatasi hata moja inayoweza kutuambia kwa hakika kama walipanda ao hawakupanda.

Mimi leo ninakuja na swali la tatu, ile sikusikia mtu akiuliza. Boti ilitoka Minova. Mbele ya kutoka, nani alikuwa amesimama ku inchi kavu na alikuwa na haki ya kusema "hapana, hii haiondoki"? Na kama alikuwepo na hakusema, sheria inamufanya nini?

Wengine watasema hayo ni maneno ya wazungu wa bahari, hapa tuko ku ziwa. Ngojeni kidogo. Hao wa bahari nao walikuwa kama sisi. Walijifunza kwa maiti.

Tarehe 6 Machi 1987, meli moja ya kuvusha magari na watu, jina lake Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji, ikielekea Dover, Uingereza. Meli ya namna ile ina milango mikubwa mbele, magari yanaingia mule kama vile yanaingia ku garaji. Siku ile meli iliondoka na milango wazi. Kijana aliyekuwa na kazi ya kuifunga alikuwa amelala mu chumba chake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha kama imefungwa alikwenda kushika kazi ingine. Kapiteni, kutoka pale anaposimama, haoni milango. Hana taa, hana alama, hana kitu cha kumwambia. Kwa desturi yao, kama hakuna mtu aliyekuja kusema kuna shida, basi hakuna shida. Meli ikaongeza mwendo, maji yakaingia mu chumba cha magari, na mu dakika chache ililala kwa ubavu. Watu 193 wakakufa. Na ilikuwa karibu na bandari. Kama Kituku.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa ndipo maneno yenyewe iko.

Wakati uchunguzi ulianza, kila mtu alitazamia kwamba utamalizika kwa yule kijana aliyelala na kapiteni wake. Jaji aliyeongoza uchunguzi, Sheen, hakuishia pale. Aliwalaumu, ndiyo, lakini akaendelea kupanda ngazi mpaka biro za kampuni. Akakuta barua. Makapiteni wa kampuni ile walikuwa wameandika mbele ya ajali, wakiomba taa ndogo mu chumba cha usukani, taa ya kuonyesha kama milango imefungwa. Taa tu! Wakubwa wa biro wakajibu kwa kucheka, kwamba kwa nini kuweka taa wakati kuna mtu analipwa kwa kufunga milango. Akakuta pia barua za makapiteni waliolalamika kwamba meli zinapewa abiria kupita hesabu iliyoruhusiwa. Nazo hazikushugulikiwa. Kisha ajali, taa zile ziliwekwa mu meli zingine za namna ile kwa siku chache. Siku chache, ndugu zangu. Kumbe haikuwa kazi ngumu.

Jaji akaandika kwamba ugonjwa wa uzembe ulikuwa umeenea kampuni nzima, kutoka juu mpaka chini. Lakini wakati mambo yalifika mu tribinale ya jinai, mwaka 1990, kesi ya kuua bila kukusudia dhidi ya kampuni na wakubwa wake ilianguka. Kwa sababu gani? Juu sheria ya wakati ule ilitaka kupatikana mtu mmoja wa juu, ambaye ndiye kama akili ya kampuni, na kosa lote limukae yeye peke yake. Huyu wa biro alijua kidogo, yule alijua kidogo, mwingine barua haikumufikia. Kosa likagawanywa vipande vidogo vidogo mpaka likapotea. Munajua hiyo michezo. Hapa kwetu pia, ukienda biro moja wanakutuma ku ingine, mpaka jua linazama.

Ndani ya maumivu ile ndipo kulizaliwa sheria ninayotaka muijue. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari, lile la Umoja wa Mataifa, mwaka 1993 lilipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Usalama, ambayo mabaharia wanaiita ISM. Tangu tarehe 1 Julai 1998 ikawa ya lazima kwa meli za abiria, za mafuta na zingine kubwa zinazosafiri kati ya inchi na inchi, na mwaka 2002 ikaongezeka kwa meli zingine za muzigo za tani 500 kwenda juu. Kanuni hii ina vifungu vingi, sitawachosha. Lakini kifungu cha 4 ni kifupi sana, na kwangu ndicho moyo wake. Kinasema kila kampuni iteue mtu, ao watu, wa ku inchi kavu, ambaye ni kiungo kati ya wale walioko mu meli na kampuni, na ambaye anaweza kufika moja kwa moja kwa mukubwa wa juu kabisa. Kazi yake ni kuchunga usalama wa kila meli na kuhakikisha kwamba wale wa mu meli wanapata vitu na musaada wanaohitaji.

Kwa kifupi wanamuita DPA. Mimi nitamuita mtu wa inchi kavu.

Tazameni akili iliyo ndani. Kama baharia anaona jile zimeoza, haandikii karani ambaye ataweka barua mu kabati. Anaita mtu wa inchi kavu, saa yoyote, na namba yake pamoja na jina lake vinapaswa kujulikana na kila mtu mu meli, hata mupishi. Naye hapiti kwa musimamizi wa bei ya mafuta, wala kwa mukubwa wa biashara ambaye anataka meli iondoke saa mbili hata kama mbingu inaanguka. Anaingia mu biro ya bosi mwenyewe. Bosi akikataa, imeandikwa kwamba alikataa. Bosi akinyamaza, imeandikwa kwamba alinyamaza.

Na hapa njo sheria inakuwa na meno. Mwenye meli, katika sheria ya bahari, ana haki moja ya zamani ambayo wengi hawajui: kama meli yake imeleta hasara, anaweza kuweka mpaka ku malipo, kwa kipimo cha ukubwa wa meli. Hata hasara ikiwa kubwa namna gani, analipa mpaka pale tu. Lakini mapatano ya kimataifa ya mwaka 1976 yanasema haki hiyo inapotea kama hasara ilitoka kwa tendo lake mwenyewe ao kuacha kwake kutenda, kwa makusudi, ao kwa kutojali huku akijua kwamba hasara ya namna ile yaelekea itafika. Neno zito pale ni "akijua". Zamani mwenye meli alikuwa anasimama mbele ya jaji na kusema: mimi niko mjini, meli iko mbali, sikujua. Sasa kuna mtu wa inchi kavu ambaye amechaguliwa ili ajue na ili amwambie. Kama ripoti tatu za mashine mbovu zilifika kwake, na yeye alizipandisha juu, "sikujua" imekufa. Na kama hazikupanda, wakili wa wafiwa atauliza: mulikuwa na mtu wa namna gani, na mulimupa nguvu gani? Jaji pia anaweza kuona kwamba kufunga macho makusudi ili usijue ni sawa na kujua.

Mtu mwenyewe naye anaweza kuingia mu shida. Kanuni ya kimataifa haisemi kwamba atafungwa. Inaachia kila inchi sheria zake. Uingereza imeweka mu kanuni zake kwamba mtu huyu ana wajibu wake mwenyewe, na kuuacha ni kosa la jinai. Mwaka 2007 wakatunga tena sheria ya kushtaki kampuni yenyewe kwa kuua, bila kutafuta ile "akili moja" iliyowashinda kwa kesi ya 1990. Walichukua miaka 20 kujibu maiti 193. Ni mingi, lakini walijibu.

Musifikiri ni karatasi tupu. Munakumbuka Costa Concordia, ile meli kubwa iliyogonga mwamba kule Italia Januari 2012, watu 32 wakakufa. Dunia nzima inajua jina la kapiteni Schettino, alipewa miaka 16. Lakini usiku ule alikuwa anapigiana simu na mtu wa kampuni ambaye hakuwa mu meli hata kidogo: Roberto Ferrarini, aliyesimamia kikundi cha dharura cha kampuni ku inchi kavu. Naye alihukumiwa, miaka 2 na miezi 10, kisha kupatana na waendesha mashtaka. Hakushika usukani. Alishika simu tu.

Na Korea ya Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, meli Sewol ilizama, watu 304 wakakufa, wengi wao wanafunzi wa sekondari moja waliokuwa ku safari ya masomo. Ilibeba muzigo kupita kiasi, na maji ya chini ambayo yanasimamisha meli yalipunguzwa ili muzigo uingie. Kapiteni alikimbia, akafungwa maisha. Lakini mukubwa wa kampuni pia alifungwa: miaka 10 kwanza, kisha rufaa ikawa 7. Kwa sababu kapiteni hawezi peke yake kuamua kila siku kujaza meli. Kuna mtu anayehesabu faida ya ule muzigo, na huyo halowi maji.

Nisiwadanganye, kitu hiki kina ubovu wake. Kuna kampuni zinaweka jina la mtu mu karatasi, kijana wa biro asiye na sauti, ili siku ya ajali apatikane wa kufunga. Kuna wenye kujaza fomu zote vizuri, saini juu ya saini, wakati pampu haifanyi kazi. Sewol nayo ilikuwa na karatasi zake. Mimi sipendi mtu aniambie kwamba cheti kinaokoa. Ila tofauti iko hapa: pale ambapo sheria imemutaja mtu, wafiwa wanajua mlango wa kupiga. Sisi tunapiga ukuta.

Turudi ku ziwa letu.

Kanuni ile, kwa lazima yake, haifiki Kivu. Ni ya safari za bahari kati ya inchi na inchi, na boti zetu nyingi ni ndogo na zinazunguka hapa hapa. Mtu wa Leta atakujibu hivyo na atakuwa na haki. Lakini mwambieni asome kifungu cha 1.3 cha kanuni ile ile: masharti yake yanaweza kutumiwa kwa meli zote. Hakuna anayekatazwa. Umoja wa Ulaya, mwaka 2006, ulichukua kanuni hiyo na kuipeleka pia kwa meli za abiria za ndani. Ni kutaka tu.

Mwaka 2024 watu wengi zaidi walikuwa mu boti juu barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita. Mama wa Minova aliyeleta maharagi na mihogo hakuwa na njia ingine. Hakuchagua boti, alichukua ile iliyokuwapo. Miezi michache nyuma mimi mwenyewe nilipanda kutoka kule. Sitaji boti wala mwenye boti. Karani alikuwa na kaye, anaandika majina vizuri kabisa, mpaka ukurasa ukajaa. Akafunga kaye. Watu wakaendelea kupanda. Nikamwambia, "Ndugu, mimi haujaniandika." Akacheka: "Mukubwa, unaogopa kupotea?" Kisha, hii njo inaniumiza mpaka sasa, akaingia mu boti pamoja na kaye yake. Yaani kama tungezama, majina yangezama nasi.

Hilo si la kwetu peke yetu. Mu Ufilipino, Desemba 1987, mwaka ule ule wa Zeebrugge, meli Doña Paz iliungua na kuzama kisha kugongana na meli ya mafuta. Orodha rasmi ilionyesha abiria 1,493. Waliokufa wanakadiriwa kupita 4,000. Na jirani zetu wa Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu na kisiwa cha Ukara, ku Ziwa Victoria. Kilijengwa kwa watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Mtu aliyekuwa anakata tiketi alikufa naye, na mashine yake ya tiketi ikazama, kwa hiyo hesabu ikawa kazi ya kupapasa. Rais Magufuli alivunja bodi ya wakala wa serikali uliokuwa na kile kivuko. Mukaone: hakuishia kwa nahodha.

Ndiyo maana ninasema karatasi ya majina inapaswa kubaki ku inchi kavu, ku mkono wa mtu mwenye jina. Mu 2019, kisha boti kuzama upande wa Kalehe na watu karibu 150 kukosekana, Rais alisema kila msafiri wa ziwa avae jile. Ni vizuri. Lakini jile inamuweka mzigo abiria: usipovaa, umejiua. Na nani anahesabu kama ziko? Nani anatazama kama zinaelea ao ni sponji iliyooza? Nani anasema kwamba upepo wa leo ni mbaya, hakuna kuondoka? Kapiteni? Kapiteni wetu analipwa na mwenye boti, na akikataa kuondoka, kesho kuna mwingine amekaa pahali pake. Kanuni ya kimataifa ilijua jambo hilo: inalazimisha kampuni iandike wazi kwamba kapiteni ndiye mwenye neno la mwisho juu ya usalama. Huwezi kumufunga mtu kwa kuondoka wakati haukumupa haki ya kukataa.

Kwa hiyo maombi yetu si makubwa, na hayahitaji pesa za wafadhili. Kila mwenye boti ya abiria ateue mtu wake wa inchi kavu, ku kila bandari boti inapofika. Jina lake na namba ya simu viandikwe ku ubavu wa boti, kwa rangi, kwa maandishi ya kusomeka, pamoja na hesabu ya watu inayoruhusiwa. Orodha ifungwe mbele ya kuondoka, kopi ibaki kwake, ingine kwa watu wa Leta wa bandari ambao leo wanachukua pesa za kila boti inayotoka. Na wao pia watie saini, si muhuri tu. Kama wanachukua pesa ya kuruhusu, wachukue na jukumu la kuruhusu. Mahakimu wetu nao wasiridhike na kapiteni peke yake. Wamuulize mwenye boti: nani alikuambia kwamba iko mbovu, siku gani, na ulifanya nini?

Kuna ndugu mmoja aliniuliza mbele ya mukutano: kama wenye boti wanakataa kuteua, tufanye je? Nikamujibu kwamba kukataa pia ni habari. Tutaandika: boti fulani, tarehe fulani, iliombwa kutaja mtu wake, ilikataa. Siku moja karatasi hiyo itafika mbele ya jaji, na hapo neno "sikujua" litakuwa gumu kutamkwa.

Tunaanza Jumamosi, saa kumi na mbili asubui, Kituku, pale wamama wanauzia samaki. Tutakuwa wawili wawili. Hatugombani na mtu, hatuzuii mtu kupanda, hatupigi picha wasafiri bila ruhusa yao. Tunahesabu watu wanaoingia, tunauliza jina la mtu wa inchi kavu, tunaandika jibu. Lete kalamu yako na kaye isiyo na kitu. Na tafazali, kaye ile usipande nayo ku boti.